Mwenye Akaunti Huona Vyote

Mwenye masikio asogee, na mwenye binti asogee zaidi, maana kisa hiki kina vicheko vyake lakini hakikuletwa kwa kucheka.

Palikuwa na mama mmoja mshona mapazia. Mtaa mzima ulimwita Mama Pazia, na mumewe naye alijisahau akamwita hivyohivyo. Kazi yake ilikuwa kuingia nyumba za watu na utepe wa kupimia shingoni, kupima madirisha, kisha kwenda kushona kitambaa cha kuwasitiri wenye nyumba. Vitambaa alivijua kama mtu anavyowajua ndugu zake: kizito kinachoua jua, chepesi kinachocheza na upepo, na kile cha wavu ambacho aliye ndani anamwona wa nje naye asionekane. Kisomo chake kiliishia shule ya msingi, lakini hesabu ya marinda alipiga kichwani, na kompyuta aliijua ya kumtosha: kuiwasha, kuweka picha za kazi zake na vipimo vya wateja, na kuizima.

Nyumbani mwao kompyuta zilikuwa nne, usije ukadhani ni utajiri. Ile kubwa ya sebuleni ilinunuliwa kuukuu kwenye ofisi iliyofungwa, na hiyo ndiyo yake. Ya mumewe, dereva wa gari la wagonjwa, ilikuwa imevunjika bawaba na kioo chake kimeegemezwa kopo la rangi. Ya tatu ilikuwa ya kijana wao aliyeuza bima, hata nyumbani wakamwita Bima. Ya nne ilikuwa ya binti yao, aliyekuwa mwaka wa mwisho kwenye chuo cha ustawi wa jamii. Hiyo ndiyo iliyoleta yote.

Ilianza hivi. Asubuhi moja ile kompyuta kubwa iligoma kuamka. Ikaguna, ikatoa harufu ya kitu kinachoungua, ikanyamaza. Picha za mapazia yote aliyowahi kushona zikaenda nayo. Mama Pazia alijishika kichwa kama aliyefiwa.

"Pole, Mama," Bima alisema, mkate mdomoni. "Ndiyo maana nilikwambia uweke nakala."

"Uliniambia lini?"

"Nilikwambia moyoni."

"Na chai ya leo utainywa moyoni."

Baba yao alikuwa anafunga viatu aende zamu. "Gari langu mimi lina tairi ya akiba," akasema. "Nyumba hii yote ina kompyuta nne, tairi ya akiba hata moja hamna. Siku mkipata pancha mtalala porini."

Binti ndiye aliyeshtuka kuliko wote. Aliiangalia ile mashine iliyokufa, kisha akaenda chumbani akarudi ameikumbatia ya kwake kama mtoto mwenye homa. "Mama, tafadhali," akasema, "tutafute hiyo tairi ya akiba mapema. Yangu ikifa hivi, na mimi nimekufa."

Wakakubaliana Mama Pazia ndiye aende kwa fundi, kwa kuwa ndiye bingwa wa kuomba punguzo. Sharti lilikuwa moja: bei ya mwaka mzima isizidi bei ya pazia la dirisha dogo.

Fundi kompyuta wa mtaani alikuwa dada mmoja aliyeitwa Waya, mwenye bisibisi iliyochomekwa kwenye nywele kama kitana. Duka lake lilikuwa jembamba, mteja akiingia mwingine sharti atoke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kununua tairi ya akiba."

"Gereji iko upande wa pili wa barabara."

"Ya kompyuta, wewe mtoto! Nne. Na usinipige bei, nimekushonea pazia la kliniki ya mama yako kwa mkopo."

Waya akacheka, akamsogezea kigoda, akamweleza. Njia ya kwanza ni kununua diski ya nje na kutumia programu ya bure. Mara moja kwa wiki kila mtu anaichomeka kwenye kompyuta yake, anasubiri, anachomoa, anampa mwenzake.

Mama Pazia alicheka mpaka akajifuta macho. "Waya, nyumbani kwangu kurudisha kikombe jikoni ni kesi. Hao ndio wa kupokezana diski?"

"Basi ya pili. Kila kompyuta inakuwa na programu yake, nakala zinapanda zenyewe kwenye intaneti, na kila mtu ana neno lake la siri. Mama yangu mzazi ningemwekea hii. Ila unalipia kila kichwa."

"Vichwa vyote vinne?"

"Vyote."

"Mimi nina hela ya shingo moja tu."

"Basi ni hii ya tatu. Kifurushi cha familia. Akaunti moja, kompyuta mpaka tano, bei karibu na ya moja. Nayo inajipandishia yenyewe." Waya akachomoa bisibisi, akajikuna nayo sikio. "Ila ujue kitu kimoja. Mwenye akaunti anaona vyote. Anakaa kwenye mashine yake, anafungua mafaili ya kila mtu kama anavyofungua kabati la vyombo."

Mkono wa Mama Pazia, uliokuwa ukizungusha utepe, ulisimama.

Sasa hapa tutue kidogo, maana kila aliye na mtoto ameshawahi kusimama hapa. Mama huyu alikuwa na hofu juu ya binti yake. Binti alikuwa anarudi nyumbani giza likishaingia, hasemi alikotoka. Alikuwa akiongea na simu kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Mama akiingia, kioo cha kompyuta kinageuzwa ukutani. Siku moja alimkuta anaandika huku machozi yanamdondoka, akamuuliza, "Una nini, mwanangu?" Akajibiwa, "Kazi tu, Mama." Kazi gani ya kumliza mtu? Mama Pazia aliyaweka hayo yote pamoja, akayashona, akapata nguo ambayo hakuipenda.

"Anaona vyote?" aliuliza polepole.

"Vyote. Lakini panaweza kufungwa. Pale mwanzoni kuna mahali unabofya, kila mtu anajiwekea neno la siri lake, hata mwenye akaunti hachungulii. Ubaya wake, mtu akilisahau, ndiyo basi tena. Nikufungie?"

"Usifunge." Alijibu upesi mno, akaona aongeze. "Wanangu wasahaulifu."

"Basi waambie nyumbani wajue. Si unajua vijana."

"Nitawaambia."

Hakuwaambia. Kilichomfanya akichague kifurushi kile kilikuwa bei, na mtu akimuuliza alikuwa na risiti ya kuonyesha. Lakini moyoni alijua kwamba hata kama njia ya pili ingekuwa bure, angetafuta kasoro yake.

Jioni ile Waya alikuja na mkoba wake, akaifufua ile kubwa ya sebuleni kwa diski nyingine, akaweka programu kwenye kompyuta zote nne, akaenda zake. Binti alibaki amesimama mlangoni.

"Mama, hii kitu inakuwaje? Kila mtu anaona vyake tu?"

"Kila mtu na chake," alisema Mama Pazia, akakunja kitambaa ambacho kilikwisha kukunjwa.

"Una hakika? Kuna kazi nimeapa asione mtu. Kama si hivyo nitafute njia nyingine."

"Mwanangu, mimi nitakudanganya wewe?"

Binti akatabasamu, akamshika mama yake bega. Alikuwa na uzito siku nyingi, ukaonekana unamtoka. "Ahsante. Sasa na mimi nitalala."

Mama Pazia alijizuia siku kadhaa. Alijiambia anangoja dalili. Mtu anayengoja dalili haikosi: binti alipoiacha chai bila kuinywa, ikawa ndiyo dalili. Nyumba ilipokuwa tupu, jua limejaa sebuleni, akavuta kiti.

Ili asijione mwizi alianza na wengine. Alifungua vya mumewe, akakuta ratiba za mpira na picha za mabati ya aina sitini, maana alikuwa na ndoto ya kubadilisha paa tangu walipooana. Alifungua vya Bima, akakuta Bima kavaa suti, Bima kaegemea gari la watu, Bima kaegemea gari jingine la watu. Akacheka peke yake. Akaona kumbe si dhambi, ni kama kuwafulia nguo, lazima uguse mifuko. Kwa kicheko kilekile akafungua vya binti.

Kulikuwa na mafaili mengi, kila moja limeandikwa herufi tu. Akafungua la juu. Lilianza hivi:

*Nina mimba na Mama hajui. Mama yangu ana macho ya kila kitu. Sukari ikipungua kijiko anajua, mtu akipita dirishani anajua. Mimi tu hanioni. Nikishamaliza hili nitaondoka, na atajua nimeondoka siku atakapohitaji mtu wa kumwosha mgongo.*

Hakusoma zaidi. Laiti angesoma zaidi! Ukurasa wa pili tu, yule anayesema anataja kaka zake sita na ng'ombe wa baba yake, na binti wa Mama Pazia hakuwahi kuwa na ng'ombe hata wa picha. Lakini hofu haisomi mpaka chini. Alisikia sukari, akasikia dirisha, akajiona yeye. Akachukua simu, akaupiga picha ukurasa ule, akamtumia wifi yake.

Shangazi huyo alikuwa dada wa dereva, mlezi wa bweni la wasichana, mwanamke ambaye akipiga chafya ghorofa ya chini, wa juu wanazima taa. Alijibu kwa maneno mawili: "Nakuja. Nyamaza."

Alikuja mwisho wa wiki, kabla ya chakula cha mchana. Akakalia kiti kikubwa, mkoba mapajani. Binti alitoka chumbani anachekacheka. "Shikamoo Shangazi! Leo umetukumbuka."

"Marahaba. Kaa."

"Nibandike kwanza chai—"

"Chai baadaye. Mjamzito hasimamisimami."

Bima aliyekuwa anakula ndizi aliacha kutafuna. Binti alimtazama shangazi, kisha mama. "Mjamzito nani?"

"Wewe hapo. Au tuseme ndizi ya kaka yako?"

"Shangazi, utani mwingine..."

"Mimi na wewe tuna utani? Utani ni wa bibi yako." Akatoa simu, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa ile sauti ya bwenini. "'Nina mimba na Mama hajui. Mama yangu ana macho ya kila kitu...'"

Akasoma yote. Binti hakumkatiza. Uso wake ulikuwa unapauka kidogokidogo, na Mama Pazia alipouona akadhani ndiyo hatia, akaanza kulia. "Mwanangu, ungeniambia mimi. Mimi si mama yako? Kwa nini utoroke?"

"Haya maneno," binti alisema, na sauti haikuwa yake, "mmeyatoa wapi?"

"Jibu swali, usiulize swali," alisema shangazi.

"Mmeyatoa wapi?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, baba yao akaingia na sare za kazi, kofia mkononi. Alimwona mkewe analia, dada yake kavaa miwani, binti yake kasimama kama mti uliokauka. Amezoea kukuta watu hivyo, ndiyo kazi yake. Akauliza, "Nani kaumia?"

"Mama kafungua kompyuta yangu," binti alisema.

"Si kompyuta yako!" alisema Mama Pazia. "Ni nakala tu. Mwenye akaunti anaona, hata Waya alisema..."

Akajisikia. Lakini neno likitoka halina mkia wa kulivutia.

"Uliniambia kila mtu na chake," alisema binti. Kisha akaeleza, polepole, kama anayemsomea mtu hukumu. Yale hayakuwa maneno yake. Yalikuwa ya wanawake waliowahi kutoroka kwao wakiwa wasichana wenye mimba. Alikuwa akiwafuata jioni, wakishatoka vibaruani, wanaongea kama waliorudi siku ile ya kutoroka, anarekodi, anakuja kuyachapa. Ndiyo kazi yake ya kumalizia chuo, na kituo kimoja cha kusaidia wasichana kilikwisha kumwahidi ajira akiimaliza. Alimwapia kila mmoja wao kwamba hakuna atakayeona ila yeye na mwalimu wake, na sauti akishazichapa anazifuta. Ndiyo sharti la chuo. Alikuwa akilia kwa ajili yao.

"Kumbe huna mimba?" shangazi aliuliza, kidogo kama aliyenyimwa kitu.

"Shangazi, hiyo picha umemwonyesha nani?"

"Nani mimi? Nimemwonyesha tu mwenzangu wa bwenini, nipate ushauri."

Binti akafumba macho. "Na mwenzako naye alitaka ushauri kwa nani?"

Shangazi akavua miwani. Baba yake alitundika kofia kwenye msumari, ikaanguka, akaiacha pale chini. "Mama Watoto," akasema, "miaka yote hii unawashonea watu mapazia." Akaenda chumbani akafunga mlango, taratibu.

Shangazi aliondoka bila kula. Mlangoni alisema, "Mimi nimeitwa, sikujipeleka," na hilo lilikuwa kweli.

Binti alingoja nyumba itulie, akamsogelea mama yake pale sebuleni. "Itoe kompyuta yangu kwenye kifurushi chako. Na kila ulichonacho changu, kifute. Sasa hivi, nikiwa hapa."

"Nitamwita Waya tufunge kwa neno la siri. Yako peke yako, mwanangu, hata mimi—"

"Futa."

"Na tairi ya akiba?"

"Bora nilale porini."

Mama Pazia akakaa mbele ya mashine. Binti alisimama nyuma yake, lakini ukurasa ulipofunguka na mafaili yake yakajipanga pale, herufi kwa herufi, kama watu waliovuliwa nguo foleni, hakuweza. Akageuka akampa mama yake mgongo, akatazama dirishani. "Ukimaliza niambie."

Programu ile, kwa ustaarabu wake, iliuliza kwanza: *Je, ungependa kuweka nakala kwenye kompyuta hii kabla ya kufuta?* Chini yake *Ndiyo* na *Hapana*. Binti hakuwa anaona. Kubofya mara moja, na mafaili yangelala kimya ndani ya ile kubwa, hakuna ajuaye.

Mama Pazia aliitazama ile *Ndiyo* muda mrefu. Kisha akajiambia: leo ndiyo leo. Leo nitakuwa mama ambaye mwanangu anamtaka. Nikianza kudanganya hata hapa nitaacha lini? Akabofya *Hapana*. Ikauliza tena kama ana hakika, maana kikifutwa hakirudi. Akabofya *Nina hakika*. Moyo ukampoa. Aliona amefanya jambo jema kubwa, na akatamani mtu amwone.

"Nimemaliza," akasema.

"Haya."

Hilo lilikuwa neno la mwisho kwa kitambo kirefu. Waliishi nyumba moja kama wapangaji. Chumvi waliombana kupitia Bima, na Bima, aliyezoea kuuza maneno, akasema angeanza kutoza ada. Binti alimaliza kukusanya maneno ya wanawake wale, akafuta sauti ya mwisho kama alivyoapa, akaingia kwenye kuandika. Alisema atanunua diski ya nje, ile njia ya kwanza ya Waya, lakini posho ilikuwa ikienda kwenye nauli, na kila wiki alisema wiki ijayo. Nyumbani hakuna aliyethubutu kumnunulia. Mama Pazia aliwahi kuishika diski moja dukani, akairudisha. Akaona binti atadhani ni mtego.

Binti alikuwa amebakiza sura moja ya ile kazi. Umeme ulikatika mchana, ukarudi kwa kishindo, taa zikawaka nyeupe zikapasuka mbili. Friji ilipona. Ile kubwa ya sebuleni ilipona. Ya baba, na kopo lake la rangi, ilipona. Ya binti ilikuwa kwenye chaji.

Waya aliifungua palepale mezani, akainusa, akatikisa kichwa. Akaenda nayo dukani, na iliporudi ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Diski imeungua yenyewe, mama," alimwambia Mama Pazia, akikwepa kumtazama binti. "Lakini si mna kifurushi? Mwambie afungue kwenye ile kubwa, vyote vimo."

Akaondoka hajui alichosema.

Binti alikaa na ule mfuko mapajani. Kwa mwalimu wake alikuwa amepeleka mipango tu na sura ya kwanza. Maneno ya wanawake hakumpelekea, kwa sababu aliapa yawe mahali pamoja tu, chini ya mkono wake. Wanawake wenyewe wengine walikwisha kuhama, mmoja kazikwa. Na hata ambao wangepatikana, nani angeongea naye tena, baada ya ule ukurasa kutembea kutoka bweni hadi bweni? Mmoja alikwisha kumpigia simu, akamwambia maneno ambayo hakumsimulia mtu.

Baada ya kitambo aliinuka, akaenda jikoni alikokuwa mama yake, akasimama karibu, karibu kuliko alivyowahi kusimama tangu siku ile.

"Mama."

"Naam, mwanangu." Alikaribia kuangusha sufuria kwa furaha ya kuitwa.

"Siku ile nilikupa mgongo."

"Ndiyo."

"Sikuona ulichobofya." Alimshika mkono. "Sitakasirika. Nakuapia sitakasirika hata kidogo. Uliweka nakala, si ndiyo? Wewe nakujua. Ulificha mahali. Niambie tu umeficha wapi."

Mama Pazia alimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi aliona tumaini mle, na tumaini lenyewe lilikuwa kwamba yeye ni mwongo. Kama uongo ungeweza kuyarudisha mafaili, angeusema papo hapo kwa sauti ya wifi yake.

"Nilifuta, mwanangu," alisema. "Iliniuliza, nikasema hapana. Nilifuta kweli."

Binti aliuachia mkono wake. Akacheka, kicheko kifupi, cha puani.

"Siku moja tu, Mama," akasema. "Siku moja tu nilitaka uwe vilevile ulivyo, na siku hiyo ndiyo ukabadilika."

Hakupaza sauti. Angepaza sauti ingekuwa afadhali.

Chuo hakikumwongezea muda wa kutosha kuanza upya, na kile kituo kilimpa kazi mwingine. Alipata kibarua cha kuhesabu mizigo kwenye ghala la mji wa mbali. Aliondoka asubuhi, baba yake akambebea begi hadi stendi. Mama alibaki mlangoni na utepe wake shingoni. Huwa anapiga simu, kwa baba yake. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mama Pazia, aliyeogopa mjukuu, akapewa huyo.

Ukurasa mmoja bado upo. Ni ile picha, kwenye simu ya shangazi na kwenye simu nyingine ambazo hakuna anayejua idadi yake. Katika kazi yote ile, hicho tu ndicho kilichohifadhiwa vizuri.

Kifurushi nacho kipo. Bima alipendekeza wakiache, wahamie kwenye kile cha kila mtu na neno lake la siri, naye atachangia. Mama yake alisema sawa, kisha mwaka ulipoisha akalipia kilekile. Kila mwezi programu inaleta ujumbe kwenye ile kubwa ya sebuleni, naye anausoma amesimama, kitambaa cha mteja kikiwa begani: *Hongera. Kompyuta zote za familia yako ziko salama.*

Anabofya *Sawa*, maana hakuna kitufe kingine.